Nusu Alama

 

Hapa pwani, kuanzia Quionga mpaka Pangane, kila mwaka majina ya waliofaulu mitihani ya kuingia chuo kikuu yakishatoka, kuna swali halikosi barazani. Mbona mtoto wa fulani kachukuliwa na wangu kaachwa? Walikaa dawati moja! Wangu ndiye aliyekuwa akimfundisha mwenzake hesabu! Siku hizo mji mzima unageuka mahakama. Huyu anasema pesa imetembea. Yule anasema ni kujuana, baba mtu ana jamaa yake Maputo. Wa tatu anasema ni jina tu, wakiona jina la Kimwani wanageuza ukurasa. Na bibi, aliyekuwa kimya muda wote akichambua mchele, anaifunga kesi: hakuandikiwa.

Simbishii bibi. Wasiwasi wangu ni kwamba hukumu yake tunaitumia kufunikia mambo mawili yasiyo na udugu. Kuna kukosa kwa bahati, na kuna kunyimwa. Kwenye orodha yote mawili yanaonekana sawasawa: jina, alama, na mbele yake hukumu ya Kireno kwamba huyu hakuchukuliwa. Mzazi anayesoma hawezi kujua mwanawe kapatwa na lipi. Jioni hii nataka tuyatenganishe.

Tuanze na bahati, maana ndiyo inayosemwa sana na kueleweka kidogo.

Chuo kinachogombaniwa kuliko vyote nchini Msumbiji ni Eduardo Mondlane, cha Maputo. Siku hizi kuna vingine, na vingine viko jirani. Kuna Lúrio, kilichoanzishwa mwaka 2006, makao yake Nampula, na kina tawi Pemba. Kuna Rovuma, kilichozaliwa mwaka 2019 pale Chuo Kikuu cha Ualimu kilipogawanywa vipande vitano. Kuna cha Wakatoliki, nacho kina kitivo Pemba. Lakini ukimuuliza kijana wa darasa la 12 anayetaka udaktari au uhandisi, macho yake bado yanaelekea Maputo, na huko wanaelekea maelfu wenzake wa nchi nzima kugombania viti ambavyo ni sehemu ndogo tu ya idadi yao. Unajiandikisha, unalipa ada, unachagua kozi, unafanya masomo mawili. Anayetaka udaktari, mathalani, anafanya biolojia na kemia.

Karatasi zenyewe ni za kuchagua jibu. Unasoma swali, unaona majibu kadhaa, unasiliba kiduara kimoja, na mashine ndiyo inayosahihisha. Alama zinahesabiwa juu ya 20, kama zote za shule zetu. Tuseme somo lina maswali 40. Basi swali moja ni nusu alama. Kisha kompyuta inawapanga watu kutoka juu kwenda chini, inahesabu viti, na viti vinapokwisha ndipo mstari unapochorwa. Mstari huo haukuwapo asubuhi ya mtihani. Hata mkuu wa chuo alikuwa haujui. Wanaouchora ni watahiniwa wenyewe, kwa wingi wao na kwa alama zao. Ndiyo maana mwaka huu 14 inaingia na mwaka ujao 14 inabaki nje, na wewe ni yuleyule, na kichwa ni kilekile.

Sasa fikirini mtu anayejua maswali 30 kati ya 40. Si mjinga huyo. Kumi yaliyobaki hajui, dakika zinakwisha, kwa hiyo anabahatisha, kila swali likiwa na majibu manne. Kwa hesabu atapatia mawili au matatu. Lakini huo ni wastani, na wastani hauingii chumba cha mtihani. Anayeingia ni mtu. Chukua watu 100 wa namna hiyo, wote wanajua 30, wote wanabahatisha kumi. Watano au sita kati yao hawatapatia hata moja. Kama wanane hivi watapatia matano au zaidi. Watu wenye elimu ileile kabisa, wametengana kwa alama mbili na nusu, na hakuna aliyeiba, hakuna aliyelogwa, hakuna aliyepiga simu. Mahali ambapo mamia wamebanana ndani ya alama moja kuzunguka mstari, alama mbili na nusu ni kama bahari kati ya Ibo na Zanzibar.

Niliwahi kukuta kijana kwenye duka la fotokopi pale Mocímboa da Praia, orodha iko kwenye simu, kioo cha simu kimepasuka kuanzia kona mpaka katikati. Alikuwa ameikuza orodha kwa vidole viwili, jina lake liko juu ya ule ufa. Alikuwa na 13.5. Wa mwisho kuchukuliwa kwenye kozi yake alikuwa na 14. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mjomba, hilo swali moja lilikuwa lipi?" Nilimwangalia mwenye duka, mwenye duka akainamia mashine yake.

Hakuna wa kulijibu swali hilo. Lakini wapo wanaoishi kwa sababu halina jibu, na hao niseme nao kidogo.

Kuna bwana, na kila mji una wake, anayejua kwamba matokeo hayatabiriki na ameifanya hiyo kuwa biashara. Msimu wa mitihani anazunguka kwa wazazi kumi. Kila mmoja anamwambia: mimi nina mtu ndani, nipe kiasi fulani cha metikali, mtoto akikosa nakurudishia. Anachukua pesa, halafu anakaa nyumbani. Anakaa tu! Hana mtu ndani, hana namba ya mtu ndani. Orodha inatoka, na kati ya watoto kumi watatu wameingia kwa akili zao. Pesa za hao watatu anatia mfukoni, na wazazi wao wanamsifia mji mzima. Wale saba anawarudishia, pengine anakata nauli, nao pia wanasema, "Lakini yule bwana mwaminifu, alinirudishia." Mwaka ujao wazazi ni ishirini. Nimewaona watu wenye akili zao, watu wanaopima samaki kwa jicho na hawakosei hata gramu, wakiingia humo. Na kila anayeingia anazidi kuamini kwamba chuo kinauzwa, kwa sababu yeye mwenyewe alikinunua.

Sisemi rushwa haipo nchini. Ninachosema ni kwamba bahati peke yake inatosha kuzalisha kila kituko tunachokitolea ushahidi wa rushwa: mjuzi kuachwa, mvivu kuchukuliwa, pacha mmoja ndani na pacha mwenzake nje.

Na msidhani haya ni ya kwetu kwa sababu sisi masikini. Nendeni kwenye chuo chenye pesa kuliko vyote duniani, Harvard, Marekani. Kwa wanafunzi wa kuanza mwaka 2024 waliomba watu 54,008. Waliochukuliwa ni 1,937. Huko hawapangi kwa alama tu. Kuna kamati inakaa, inasoma barua za walimu, insha, michezo, nani ni mtoto wa nani. Kesi ya Harvard iliyoishia kwenye Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2023 ilihusu mambo ya rangi, lakini ilipokuwa ikisikilizwa ilifichua hesabu moja ya kuchekesha. Kati ya waombaji wa ndani ya Marekani wa mwaka mmoja, zaidi ya 8,000 walikuwa na alama za shule zisizo na doa hata moja. Viti havifiki 2,000. Maana yake wangechukua wale wakamilifu tu na kufunga milango, bado maelfu ya wakamilifu wangebaki uani. Kamati inachagua kati ya watu ambao hakuna mizani ya kuwatofautisha, kisha inaandika barua kana kwamba mizani ilikuwapo. Anayepokea barua ya kukataliwa anakaa usiku kucha akitafuta kasoro yake.

Waholanzi walilikabili jambo hili kwa uso mkavu. Kuanzia miaka ya 1970, kwenye udaktari, waombaji wakizidi viti walipiga kura. Kura ya bahati, si ya uchaguzi. Mwenye alama kubwa alipewa nafasi kubwa zaidi kwenye kura, lakini kura ilikuwa kura. Ilikwenda hivyo miaka zaidi ya ishirini, mpaka katikati ya miaka ya 1990 msichana mmoja mwenye wastani wa 9.6 juu ya 10 akatolewa na kura, akarudi tena akatolewa, akarudi tena akatolewa. Nchi nzima ikapiga kelele, sheria ikabadilishwa, wenye wastani wa 8 kwenda juu wakaruhusiwa kuingia bila kura. Baadaye, mwaka 2017, kura ikafutwa kabisa na kila chuo kikaambiwa kichague kwa vigezo vyake. Mnajua kilichofuata? Wazazi wenye pesa wakaanza kuwanunulia watoto masomo ya ziada ya kujiandaa na vigezo hivyo. Mwaka 2023 serikali ikaruhusu kura irudi.

Mimi niko upande wa kura. Si kwa wote. Atakayenifanyia upasuaji nataka awe ameijua biolojia yake. Lakini ukishawatenga wanaoweza, na ukawa na viti 50 na watu 200 wanaoweza, waliotofautiana nusu alama, piga kura mbele ya macho ya watu. Anayekosa atajua alikosa nini. Atakwenda nyumbani na kusema "kura haikuniangukia", wala hatakwenda na uongo kwamba nusu alama imempima ubongo.

Najua kuna mzee hapo ameshaanza kukohoa. Kura ni kamari, na kamari ni haramu. Hapana, sheikh wangu. Kamari ni kuweka mali yako ukivizia ya mwenzio. Kura ni kugawa kitu ambacho wengi wana haki nacho sawasawa na hakitoshi. Walezi walipogombania nani amlee Maryamu walitupa kalamu zao, na habari hiyo iko kwenye Aal Imran. Nabii Yunus jahazini alipigiwa kura. Wanazuoni wanalijua hilo vizuri kuliko mimi.

Ng'ambo ya mto Ruvuma nako hawajapona. Tanzania mwaka 2010 waliweka mfumo mmoja wa taifa wa kugawa wanafunzi vyuoni, mwaka 2017 wakauacha, sasa kila kijana anaomba kwenye kila chuo kivyake. Hapo kuna mwenye bahati anayechaguliwa na vyuo vitatu, anashikilia viti vitatu mpaka athibitishe kimoja, na nyuma yake kuna wawili wanaongoja awamu ya pili huku wamefunga mizigo. Kenya wao wana idara ya serikali ya kuwapanga wanafunzi, na wanatangaza alama za chini zilizoingia kila kozi mwaka uliopita. Ni jambo la maana hilo, kwetu lingesaidia mno, ingawa kijana anayeutegemea mstari wa jana ajue kuwa leo unaweza kuhama.

Basi hiyo ndiyo bahati. Inauma, lakini haina mwenyewe.

Kunyimwa kuna mwenyewe.

Mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye lango la chuo chetu kikubwa, Eduardo Mondlane, yeye mwenyewe alifukuzwa chuoni. Aliingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Mwaka 1948 makaburu wa ubaguzi walishika serikali, na mwaka 1949 wakakataa kumpa tena kibali cha kukaa. Alama zake hazikuwa na neno. Akaenda Lisbon, Lisbon nako polisi wakamganda, akavuka bahari mpaka Oberlin, Marekani, akamaliza shahada mwaka 1953, na udaktari wa falsafa akaupata Northwestern mwaka 1960. Miaka miwili baadaye alikuwa Dar es Salaam akiongoza Frelimo. Hapo huwezi kusema hakuandikiwa. Kuna mtu aliandika, akagonga na muhuri.

Na chuo chenyewe, kilipofunguliwa na Wareno mwaka 1962 kwa jina jingine, mitihani ilikuwapo, mashindano yalikuwapo, kila kitu kilikuwa kwa sheria. Mpaka tunapata uhuru mwaka 1975, wanafunzi weusi hawakufika hata 2 kwa 100. Mtoto wa Kimwani wa kisiwa cha Matemo hakushindwa mtihani ule. Hakuna aliyemwambia kama kuna mtihani.

Uhuru nao ulileta yake. Tarehe 8 Machi 1977 Rais Samora Machel aliwaita wanafunzi wa madarasa ya juu akawaambia nchi imebaki bila watu, Wareno wameondoka, kwa hiyo mwache mlichokuwa mkikiota na mshike mtakachopewa. Aliyetaka uhandisi akapewa ualimu, aliyetaka sheria akapewa sare ya jeshi, wengine wakapelekwa Cuba. Kizazi hicho mpaka leo kinaitwa kizazi cha 8 Machi, na wengi wao wanajivunia. Ukikaa nao sana, usiku ukiwa umekwenda, wapo watakaokuambia kozi ambayo hawakuisoma. Lakini wale waliambiwa sababu, wakaambiwa mchana, uso kwa uso.

Elimu ya pwani yetu wenyewe, nisisahau, haikuwa na lango la namna hii. Ulikwenda kwa sheikh, ukakaa jamvini, ukafungua kitabu. Ulikuwa ukitaka zaidi ulipanda jahazi kwenda Ngazija au Unguja, ukamtafuta sheikh mwingine, ukakaa jamvini kwake. Kuingia ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kutoka, maana ijaza, ile idhini ya sheikh ya kufundisha, haikutolewa kwa kuhurumiana. Kuna watu walikaa miaka wakarudi bila hiyo. Sisemi tuendeshe hospitali hivyo. Nasema tu kwamba kumpima mtu mlangoni, siku moja, kwa saa chache, ni desturi mojawapo kati ya nyingi.

Sasa njooni kwetu, miaka hii.

Tarehe 5 Oktoba 2017 Mocímboa da Praia ilivamiwa na wapiganaji wenye silaha kwa mara ya kwanza. Agosti 2020 mji ukachukuliwa wote, ukakaa mikononi mwa wavamizi mwaka mzima, mpaka Agosti 2021 wanajeshi wa Rwanda na wa kwetu walipourudisha. Machi 2021 ilikuwa zamu ya Palma. Kabla ya hapo, Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilikuwa kimeshapiga Macomia, Ibo na Quissanga. Mtoto aliyekuwa darasa la 8 mwaka 2017, kama hakurudi nyuma hata siku moja, alitakiwa amalize la 12 mwaka 2021. Ni nani huyo ambaye hakurudi nyuma? Mkikumbuka mwishoni mwa 2020, mashua zilivyokuwa zikishusha watu ufukweni Paquitequete, Pemba, mchana na usiku, watu waliokaa baharini siku kadhaa bila maji ya kutosha: binti anayetelemka kwenye mashua ile hakubeba cheti. Alibeba mdogo wake.

Kwa hiyo kabla hata hatujafika kwenye nusu alama, kuna mlolongo. Uwe na kitambulisho, na kitambulisho kimeungua pamoja na nyumba. Ili upate kipya uwe na cheti cha kuzaliwa, na daftari la vizazi liliungua pamoja na ofisi. Uwe na cheti cha darasa la 12, na shule ilikuwa imefungwa. Hapa nitoe sifa panapostahili: Chuo Kikuu cha Kikatoliki, pamoja na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, walifanya kazi kubwa ya kuwapatia waliohamishwa vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho, kambi kwa kambi, maelfu kwa maelfu. Chuo kinachotoka nje kumtafutia mtu karatasi za kumwingiza! Hilo sikulizoea.

Umepata karatasi. Sasa jiandikishe, kwa intaneti, na mtandao unakuja na kuondoka. Lipa ada. Kisha nenda kafanye mtihani, na kwa mtu wa Palma hiyo kwa kawaida maana yake ni Pemba. Barabara ya N380 mnaijua: kwa muda mrefu haikupitwa, kisha ikapitwa kwa misafara yenye askari mbele na nyuma, unalala Macomia ukingoja msafara uondoke. Mwenzako wa Pemba mjini siku hiyo ameamka, amekunywa chai, ametembea kwa miguu hadi chumba cha mtihani. Wewe umefika jana usiku kwa shangazi ambaye ana watu kumi na sita kwenye vyumba viwili. Wote wawili mnapewa karatasi ileile, ya Kireno kilekile, ambacho yeye anakisikia sokoni na wewe unakisikia darasani tu, siku ambazo darasa lipo.

Mpewe alama sawa au msipewe, hiyo si bahati tena. Bahati ni pale ambapo kila mtu ana tikiti yake mkononi. Kijana wa Palma tikiti yake ilichanwa kabla kikapu hakijatikiswa, halafu tunamwambia kura haikumwangukia.

Na kuna jambo linaloniudhi zaidi. Gesi iligunduliwa kwenye bahari yetu mwaka 2010. Kiwanda cha kuisindika kimepangwa Afungi, hapo kusini tu mwa Palma. Tumeambiwa mara ngapi kwamba watahitajika wahandisi? Basi kwa kijana wa Palma kiwanda cha gesi kiko karibu kuliko chumba cha mtihani wa uhandisi. Ukipanda kwenye paa la nyumba ya kwao usiku unaona taa za Afungi. Mwenzake atakayekuja kufanya kazi chini ya taa zile atatoka Maputo, kwa ndege.

Nawasikia wanaosema: basi tupewe viti vya upendeleo. Sina ugomvi na hilo, lakini sitaki tuanzie hapo, kwa sababu kiti cha upendeleo kinapogawiwa na mtu kinarudi palepale kwa yule bwana wa wazazi ishirini. Naanzia kwenye kitu cha bei nafuu. Mtihani ufanyike Mocímboa na Palma. Ni karatasi kwenye maboksi, na wasimamizi, na mlinzi. Kama masanduku ya kura za uchaguzi yanafika, na hayo ni mengi zaidi, karatasi za kemia zitafika. La pili, kila orodha ikitoka, chini ya kila kozi ichapwe kwa herufi kubwa alama ya mwisho iliyoingia, na iliyoingia mwaka jana, na ya mwaka juzi. Kijana aone mstari unavyohama, achague kozi akiwa na macho mawili. Yule bwana biashara yake itapungua nusu siku hiyohiyo, maana mzazi ataona mwanawe mwenye 16 hakuhitaji msaada wa mtu na mwenye 9 hakuna ambaye angemsaidia. Ile kura yangu, ya wale waliobanana mstarini, najua itangoja.

Na kijana wa 13.5, kama unanisikia: mtihani unarudi mwakani, na hakuna anayeuliza umeufanya mara ngapi. Wapo madaktari kwenye hospitali zetu walioingia chuoni mara ya pili na ya tatu, ingawa si wote wanaopenda litajwe. Mwaka huu omba na Lúrio, omba na Rovuma, usiweke mayai yako yote Maputo.

Kwa wanaojiandaa kujiandikisha kwa mara ya kwanza, toeni karatasi zenu leo mziweke mezani, moja pembeni ya nyingine, msome majina herufi kwa herufi. Nusu ya pwani hii cheti kinasema Momade na kitambulisho kinasema Mohamed, cha mama kinasema Fátima na cha mtoto kimeandika Fatuma, tarehe ya kuzaliwa imegeuzwa siku ikawa mwezi. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Kompyuta ya Maputo haijui, nayo haina shangazi Pemba wa kumuuliza. Kurekebisha jina kunachukua miezi, na dirisha la kujiandikisha likifunguka linakaa wazi wiki chache. Nendeni wiki hii, mchukue na shahidi mmoja mtu mzima anayewajua tangu utotoni, na kabla ya kuondoka ofisini mpige picha kila karatasi kwa simu, mumtumie mtu aliye mji mwingine.